Babu wa Padri na Babu Yangu

Nilimdanganya baba mkwe wangu mara moja tu maishani, na uwongo ule ulinifanya kaka wa mke wangu. Wanangu wameisikia habari hii vipande vipande jikoni kwa mama yao, na mama yao kila mwaka huiongezea chumvi. Sasa naiandika mwenyewe.

Shule nilikaa miaka miwili. Kusoma nilijua, kuandika nilijua, na hesabu nilifundishwa na matofali. Ukienda Nyahanga ya Kahama ukaona jengo la zamani la misheni limesimama wima huku majengo ya juzi yana nyufa, ujue matofali yale nilichoma mimi. Sisemi hivi kwa aibu. Mtu asipojisifia kazi ya mikono yake, atajisifia nini, pua yake?

Kazi hiyo nilirithi kwa baba. Baba alirithi kwa babu. Na habari za ukoo wetu zilikomea hapo kwa babu. Babu alifika upande wa Kahama peke yake, kijana, ana mfuko wa ngozi begani. Akajenga, akaoa mwanamke mjane asiyeuliza maswali, akamzaa baba, akafa. Baba nilipomuuliza tulitoka wapi alinijibu, "Tumetoka nyumbani asubuhi, tunachoma matofali, jioni tutarudi." Hakuniambia zaidi mpaka naye akafa. Nadhani hakujua.

Siku hizo za Mwingereza, miaka ya hamsini, nilikuwa kijana mwenye baiskeli yangu, suruali mbili, na jina zuri kwa mapadri. Nikampenda msichana. Baba yake alikuwa Msukuma mfugaji aliyehamia kando ya Nyahanga na ng'ombe wengi na maneno machache. Nikamtafuta mshenga, fundi baiskeli wa pale sokoni, mtu wa mdomo mwepesi.

"Mzee yule atauliza jambo moja tu," mshenga aliniambia. "Ukoo."

"Sina wa kumwambia."

"Basi chukua mmoja. Chukua mkubwa. Ukoo mkubwa una watu wengi, hakuna atakayejua kama umezidi mmoja."

Nikachagua ukoo niliokuwa nikiusikia ukisifiwa ngomani tangu utoto. Mshenga alikwisha kuchunguza kila kitu cha nyumba ile: idadi ya ng'ombe, hasira za mama, hata mbwa yupi anauma. Kitu kimoja hakuuliza, na mimi sikuuliza: mzee yule mwenyewe ni wa ukoo gani. Watu wote walimwita kwa jina la fahali wake.

Tukaenda asubuhi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Akaniuliza mimi ni wa nani, nami nikautaja ule ukoo, na kifua nikakitoa mbele kidogo.

Mzee akaiweka tumbaku yake chini. "Rudia."

Nikarudia. Akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mshenga akanikanyaga mguu kwa furaha, nami nikajua kazi imekwisha.

"Leteni maji ya kunawa," mzee akaita kuelekea nyuma ya nyumba. "Mtoto wetu amerudi."

"Mtoto yupi?" mke wake akauliza kutoka huko huko.

"Huyu mchoma matofali. Kumbe ni damu yetu. Ni ukoo wangu mimi, wa babu zangu hasa. Miaka yote anapita hapo njiani hatumjui." Akanigeukia macho yamelowa. "Ng'wanawane, mwanangu, karibu nyumbani. Ulikuwa na shida gani?"

Nitasema nini? Mtu haoi binti wa ukoo wake. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Yule msichana akaja na maji, akapiga magoti, akanimiminia mikononi taratibu. Hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nawa, kaka."

Njiani mshenga alinifariji. "Lakini umepokelewa vizuri."

"Nimepokelewa kuwa nani?"

"Ndugu. Ni bora kuliko kukimbizwa na mbwa."

"Mimi nilikwenda kutafuta ndugu?"

Siku mbili sikula vizuri. Ya tatu nikarudi peke yangu, nikamweleza mzee ukweli wote. Sikumtaja mshenga, uwongo niliusema mimi kwa kinywa changu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo huna ukoo."

"Ninao, baba. Siujui."

"Gunia likiwa limeshonwa huwezi kujua lina mtama au lina mchanga. Binti yangu simpi gunia." Akachukua tumbaku yake. "Kuna mtu wa Maganzo, mwenye duka kule kwenye almasi, ameulizia. Anawataja babu zake saba mfululizo bila kumeza mate. Karanga zikishavunwa atakuja na wazee wake. Wewe ukimpata babu hata mmoja, mlete kabla ya hapo."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulitamka. Mtu aliyefika peke yake zamani zile, bila ndugu, bila ukoo, watu walimdhania kuwa alinunuliwa kwenye misafara ya watumwa. Nami lilinikosesha usingizi. Nisiseme uwongo wa pili: niliogopa kutafuta kwa sababu niliogopa kupata.

Msichana nikamkuta kisimani. "Shikamoo, kaka," akanisalimu mbele ya wenzake wote, na wenzake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Kisha wenzake walipotangulia akaniambia, "Karanga zimeanza kukauka majani. Kama una babu, mtafute."

Pale misheni alikuwapo Padri mmoja Mwamerika, mrefu, shingo nyekundu, Kiswahili chake cha kitabuni. Mtu huyu alipenda kulima kuliko kuhubiri. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ya viazi ulaya, na siku ile nilimkuta anachimba kwa sepetu. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto. Nilikuwa nimeliona hilo siku nyingi, nikadhani mguu wa kulia una maumivu.

"Fundi, kwa nini uso wako ni mchungu?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Nilipofika pale pa "nawa, kaka" alikaa kitako juu ya tuta na kanzu yake nyeupe, akacheka mpaka machozi. Nikakasirika. Akaona.

"Nisamehe. Mimi pia simjui babu yangu," akasema. "Alizaliwa Ayalandi. Njaa ya viazi ilipoua watu kule, alipanda meli kijana, akaenda Amerika, akalima mashambani mbali na mji. Mahindi na nguruwe. Watoto walipomuuliza ametoka wapi, alisema, 'Nyumbani.' Basi."

"Hata wangu alikuwa hivyo."

"Baba yangu ni mzee sasa. Amemchongea babu jiwe la kaburi. Jina lipo. Halafu imeandikwa 'Alizaliwa', na baada ya hapo jiwe ni tupu. Baba anataka lijazwe kabla hajafa yeye. Dada yangu ameandika barua kila mahali. Jina letu kule Ayalandi limejaa kama kumbikumbi."

"Si mjaze jina la mahali popote? Pazuri."

"Kama ukoo wako ule mzuri?" akasema Padri. Kisha akaniambia kule kwao Amerika kila mtu mwenye asili ya Ayalandi ni mjukuu wa mfalme. "Sijawahi kukutana na mjukuu wa mchunga nguruwe," alisema, "isipokuwa mimi."

Alikuwa amesikia kwamba kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita yuko Mwairishi mzee, fundi mitambo, karibu astaafu. Alitaka kwenda kumwona. Na upande wa Rwamgasa mapadri walihitaji tanuru moja la matofali ya kanisa dogo. Akaniambia nifunge mizigo, twende pamoja kwa gari lake. Nikahesabu siku za karanga kichwani, nikaona zinatosha kama tanuru halitanichelewesha.

Geita tulifika tumekuwa rangi moja, vumbi halichagui Mzungu. Yule Mwairishi alikuwa mtu mfupi mwenye nyusi kama brashi ya viatu. Wakaongea Kiingereza kwenye baraza, mimi nikapewa chai. Padri alinitafsiria baadaye, lakini hata bila tafsiri niliona mambo hayaendi. Padri anataja jina, mzee anatikisa kichwa. Padri anataja jina la meli, mzee anatazama saa. Mwishowe mzee akasema, kwa Kiswahili cha mgodini, "Njoo, tule basi. Padri, nenda nyuma, chimba viazi. Sepetu iko mlangoni." Nami nikapewa debe la kubebea.

Padri akachukua sepetu, akaweka mguu wa kushoto, akakanyaga. Mara ya pili akakanyaga. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea. Akauliza jambo kwa sauti tofauti kabisa.

Alikuwa ameuliza, "Nani alikufundisha kuchimba hivyo?"

"Baba yangu."

"Na yeye?"

"Babu."

Mzee akaja, akamnyang'anya sepetu, akamrudishia. Akamwambia apande kiazi kimoja, vile vile alivyofundishwa. Padri akakilaza kiazi juu ya ardhi isiyolimwa, kisha akaukata udongo wenye nyasi upande huu na upande ule, akaukunja juu ya kiazi kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Mzee Mwairishi akaanza kucheka peke yake.

Akaeleza. Kule kwao kuna ziwa. Upande wake yeye watu wote huchimba kwa mguu wa kulia. Ng'ambo ya ziwa huchimba kwa wa kushoto, na watu wa kwao waliwacheka kwa hilo tangu zamani, kila gulio, kila harusi. Na kukunja udongo namna ile pande mbili, alisema, ni watu wa kata tatu tu, hazifiki nne.

"Kijiji gani?" Padri akauliza, kalamu mkononi.

"Mguu hausemi kijiji," mzee akamjibu. "Mguu unasema kata. Unataka nini zaidi kwa mguu?" Kisha akaongeza, "Maisha yangu yote nawakimbia watu wa mguu wa kushoto, mmoja ananifuata mpaka Geita na kanzu."

Tulikula viazi vile na siagi ya kopo. Padri alimwaga chumvi mezani mara mbili kwa furaha.

Kutoka Geita kwenda Rwamgasa aliimba njia nzima. Mimi nilitazama miguu yangu. Nililima kama kila mtu wa Kahama anavyolima, matuta yangu yale yale ya jirani zangu. Miguu yangu haikuwa na la kusema.

Rwamgasa nilifyatua matofali, yakakauka, ikaja siku ya kupanga tanuru. Sasa hapa lazima nieleze kazi yetu. Kabla ya kupanga tofali la kwanza, baba alinifundisha kuchimba kishimo katikati ya sakafu ya tanuru, kinachotosha bakuli. Ndani unaweka gome la mti, punje za mtama, na mwisho kipande cha mkaa wa tanuru lililopita, kwa mkono wa kushoto, umetazama pembeni. Unafukia kwa udongo wa kichuguu. Na tanuru likiwaka, mwenye kazi halali kitanda kimoja na mke wake. Padri alikuwa ameliona hili Nyahanga, tukabishana.

"Kishimo hiki ni cha nini?"

"Matofali yasipasuke, Padri."

"Mungu ndiye anayezuia yasipasuke."

"Ndiyo, Padri. Ila Mungu hajawahi kuchoma udongo wa Nyahanga."

Lile la kutolala na mke alilipenda sana, akasema lingefaa hata kwa kazi nyingine.

Basi nimepiga magoti, naweka mkaa wangu. Pembeni walikuwapo watu walioleta kuni, na kati yao mzee mmoja mkavu, mikono ina makovu ya moto mpaka viwikoni. Akasogea. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee, tafadhali kaa kando, hapa pana kazi."

"Marahaba. Naiona kazi." Hakukaa kando. "Mkaa huo umetoa wapi?"

"Tanuru la Nyahanga."

"Na la kabla ya hapo?"

"Mkaa wake uliingia katika la Nyahanga."

"Na kabla ya hapo?"

"Baba. Kabla yake babu. Mzee, unanihoji kama karani wa kodi."

Akachuchumaa. "Wewe unachoma matofali," akasema. "Lakini hicho kishimo si cha matofali. Hicho ni cha chuma. Mrongo gani alikufundisha?"

Kwa msomaji asiyejua, Warongo ni watu wa upande ule waliokuwa wakiyeyusha mawe kuwa chuma na kufua majembe, kabla majembe ya dukani hayajaja kuwaharibia soko. Nikamwambia sijafundishwa na Mrongo, nimefundishwa na baba yangu.

"Udongo wa kufukia unaupiga mara ngapi?"

"Nne. Ya tano unalaza kiganja."

Yule mzee akakaa chini kabisa, matako kwenye majivu, akaniangalia usoni muda mrefu bila adabu. "Kaka wa baba yangu," alisema, "aliondoka hapa kijana na majembe ya kuuza, akashika njia ya kusini. Waligombana na baba yake, sababu aliijua mama yao tu. Hakurudi. Tulimmwagia pombe ya waliokufa. Mfuko wake wa ngozi ulikuwa na kiraka gani?"

Nikasema sijui kiraka kingine ila kimoja, chekundu, cha ngozi ya ng'ombe, chini upande wa kulia. Mfuko ule mama alihifadhia mbegu mpaka panya walipoumaliza.

Hakunikumbatia. Alisema, "Una masikio yake, yanasimama vibaya," kisha akaniambia nipange matofali, jua linapanda. Lakini matofali mawili ya kwanza niliyapanga kombo, ikabidi anipangie yeye. Hofu niliyoibeba tangu kwa baba mkwe ilishuka pale pale. Babu yangu hakununuliwa na mtu. Alinuna tu, akaondoka.

Tanuru lilipopoa nikamwomba mzee aje Nyahanga anisemee. Alikuwa hajawahi kupanda gari. Alikaa mbele na Padri, jembe kuukuu mapajani, mkono mmoja umeshika mlango, na kila tulipopita shimo alimwambia Padri, "Polepole, kijana." Padri alitii.

Tulikuta karanga zimekwisha kuvunwa, zimeanikwa uani kwa baba mkwe. Na wazee wa Maganzo wamekwisha kukaa kwenye vigoda, na mtu wao kavaa kofia mpya. Mmoja wao alikuwa anataja babu. Tulimsikia kutoka nje, amefika wa tano. Tukangoja amalize wa saba, ndiyo heshima.

"Nani hawa?" baba mkwe akauliza.

"Nimeleta babu mmoja, baba," nikasema. "Huyu ni mtoto wa mdogo wake."

Mzee wangu wa Rwamgasa hakutoa hotuba. Alitaja ukoo wetu, akaeleza habari ya kuondoka kwa babu, akaliweka lile jembe chini mbele ya mwenye nyumba. Jembe pana, jeusi, alama za nyundo bado zinaonekana. Baba mkwe akalichukua, akaligeuza, akalipiga kwa ukucha likalia.

"Mama yangu aliolewa kwa haya," akasema. "Siyo kwa ng'ombe, ng'ombe walikuwa wamekufa kwa tauni. Bibi yangu alituonyesha. Yalikuwa yanalia hivi hivi." Akalipiga tena. "Kwa hiyo watu wenu ndio walionipatia mama."

"Kama alikuwa mzuri, ndiyo ni sisi," mzee wangu akajibu. "Kama alikuwa mkali, muulizeni mfua chuma mwingine."

Wazee wa Maganzo wenyewe walicheka. Baba mkwe akasema hapendi kuwakosea wageni, pande zote mbili ni za heshima, basi aitwe binti mwenyewe aseme. Akaitwa. Alikuja na unga mikononi, alikuwa anapika, na hakunitazama.

"Huyu wa Maganzo ana babu saba," akasema, "na sijamwona hata mmoja. Huyu ana mmoja, na kamfuata mpaka Rwamgasa." Akafuta mikono. "Na mimi kaka yangu nimekwisha kumzoea."

Ng'ombe nililipa wote, sikupunguziwa hata ndama, na jembe likabaki kwa baba mkwe. Alilitundika ukutani mpaka alipokufa.

Padri naye akaandika kwao. Barua ilichukua muda mrefu kwenda na kurudi, na tayari nilikuwa na mtoto wa kwanza aliponionyesha picha iliyotumwa na dada yake: jiwe la kijivu kwenye majani, mahindi nyuma, na mzee aliyevaa koti amesimama kando na kofia mkononi. Jiwe lilikuwa limejazwa. Halitaji kijiji. Linataja jina la ziwa, na upande.

Mimi jiwe sina. Nina mkaa kwenye kopo, wa tanuru la mwisho, na mwanangu wa pili anajua namna ya kuuweka. Mke wangu yuko, ni mzee kama mimi, afya njema. Siku nikiwa mwema ananiita Baba na jina la mwanetu mkubwa. Siku nikimkosea, kama leo asubuhi nilipokaa na karatasi hizi nikasahau kuni, anasimama mlangoni ananitazama mpaka ninyanyue uso.

"Kaka," anasema, "moto umezimika."